Mbona Inakwaruza? Death Magnetic ya Metallica na Vita vya Sauti Kubwa

"Si upunguze sauti tu?"

Hilo ndilo jibu la kwanza analopewa mtu akilalamika kwamba albamu fulani imerekodiwa kwa sauti kubwa mno. Linaonekana jibu la busara. Redio ina kitufe chake, simu ina vyake ubavuni, na kazi ya vitufe hivyo ni hiyo hiyo. Lakini Septemba 2008 waliolalamika walikuwa mashabiki wa Metallica, kundi la roki nzito la Marekani, watu ambao kwa zaidi ya miaka 20 walikuwa wakitoa pesa zao wenyewe ili wapigiwe makelele. Hao ndio waliosema albamu mpya ya kundi lao, Death Magnetic, imepita kiasi. Zaidi ya 10,000 walitia saini ombi la kutaka ichanganywe upya. Kupunguza sauti walishajaribu. Walichopata ni mkwaruzo ule ule, sasa ukitokea mbali.

Miaka imepita na mjadala ule bado unaibuka kila watu wanapozungumzia ubora wa sauti, na kila ukiibuka unakuja na mkanganyiko wake. Wapo wanaoamini albamu ilianguka sokoni. Wapo wanaodhani walalamikaji walikuwa watu wasioijua roki. Wapo wanaomtupia lawama fundi ambaye kazi ilimfikia ikiwa imeshaharibika. Nataka kuufungua mkanganyiko huo taratibu, kwa sababu kilichotokea kwenye albamu ile kinatokea pia kwenye nyimbo zinazopigwa ndani ya daladala na matatu kila asubuhi, na anayekielewa pale hatapotea kwingine.

Walikotoka

Metallica walianza Los Angeles mwaka 1981, James Hetfield akiimba na kupiga gitaa, Lars Ulrich akiwa kwenye dramu. Miaka ya themanini walijijengea jina kwa nyimbo ndefu, za kasi, zenye magitaa yaliyosukwa kama ukili. Albamu yao ya 1991, iliyobeba jina la kundi lenyewe, iliwafikisha kwa watu ambao hawakuwa na habari kabisa na muziki wa namna ile. Kisha mwaka 2003 ikaja St. Anger. Ilishika namba moja, lakini kwa mashabiki wengi wa zamani iliacha kidonda: gitaa halikupewa hata mara moja nafasi ya kutamba peke yake, na ngoma ndogo ya dramu ililia kama debe tupu linalogongwa.

Kwa hiyo iliposikika kwamba wameachana na mtayarishaji wao wa miaka mingi, Bob Rock, wakamchukua Rick Rubin, na kwamba wanarudi kwenye mtindo wa ujana wao, watu walihesabu siku. Death Magnetic ilitoka tarehe 12 Septemba 2008. Ni albamu yao ya tisa ya studio, ina nyimbo 10 zinazokaribia dakika 75, na ni ya kwanza kurekodiwa na mpiga besi Robert Trujillo. Kirk Hammett alirudishiwa uwanja wake wa kutamba na gitaa. Wahakiki wengi waliipokea kwa furaha, wakisema hiki ndicho kitu bora kutoka kwa kundi hilo kwa miaka mingi. Huko Marekani ziliuzwa nakala 490,000 ndani ya siku 3 tu, ikaingia moja kwa moja namba moja, na Metallica wakawa kundi la kwanza kuwa na albamu tano za studio mfululizo zilizoanzia kileleni mwa chati ya Billboard 200. Februari 2009 wimbo "My Apocalypse" ukapata tuzo ya Grammy.

Albamu hii haikuanguka, basi. Yeyote anayesema ilikataliwa anachanganya vitu viwili ambavyo siku ile vilitengana waziwazi: tungo na mlio. Tungo ni wimbo wenyewe, yaani maneno, mapigo, mpangilio, ile nguvu ya kundi linapocheza pamoja. Mlio ni namna tungo hiyo ilivyofika sikioni mwako ikipitia mashine za studio. Watu wale wale waliotia saini ombi walizipenda nyimbo. Waliomba kwa sababu walizipenda. Hakuna anayehangaika kuomba albamu asiyoitaka itengenezwe upya.

Ukubwa wa aina mbili

"Sauti kubwa" ina maana mbili, na hapa ndipo watu wanapoanza kupishana. Ya kwanza ni nguvu ambayo spika yako inasukuma hewa. Hiyo iko mikononi mwako. Ndiyo unayoipandisha na kuishusha kwa kitufe. Ya pili imo ndani ya rekodi yenyewe, imeamuliwa studio kabla hujainunua, na kitufe chako hakiigusi.

Fikiria Hiace ya abiria. Paa lake ni chuma, haliinuki. Ndani wamesimama watoto, watu wa kimo cha kati, na jamaa mmoja mrefu ambaye nywele zake zinakaribia kugusa paa. Watoto ni sauti za chini: pumzi ya mwimbaji kabla ya neno, gitaa linalonong'ona. Yule mrefu ni pigo la dramu, linalochomoza ghafla na kutoweka. Sasa mwenye gari anataka likitazamwa kutoka nje lionekane limejaa vichwa hadi juu. Paa hawezi kulipandisha, kwa hiyo anainua sakafu. Watoto wanapanda, wa kati wanapanda, yule mrefu hana pa kwenda. Anainama. Sakafu inainuliwa tena, na tena, mpaka kila mtu ameinama, vimo vyote vimelingana, na ukichungulia dirishani huwezi kujua yupi mtoto yupi mtu mzima.

CD ina paa la namna hiyo. Sauti yake ni tarakimu, na kuna tarakimu ya juu kabisa isiyovukwa. Mashine za kuinamisha ni kompresa, ambayo hubana sauti kubwa taratibu, na limita, ambayo hukataa kabisa chochote kuvuka mstari. Si mashine mbaya. Karibu kila wimbo wa kisasa umepita humo, na bila kubana kidogo sauti ya mwimbaji ingezama kila dramu zinapoingia. Tatizo huanza fundi anapoendelea kuinua sakafu wakati hakuna tena pa kuinama. Hapo vichwa vinakatwa. Wimbi la sauti, ambalo lilitakiwa lipande na kushuka kama kilima, linafika juu na kuwa bapa kama meza. Sikio halisikii umbo la meza, linasikia mkwaruzo. Kwenye Death Magnetic utausikia hasa dramu na magitaa yanapokutana kwa nguvu: pigo linatoka kama lina mchanga ndani.

Hapa ndipo jibu la "punguza sauti" linapovunjika. Chukua picha ya harusi iliyopigwa na mwanga mwingi kupita kiasi. Gauni la bibi harusi limeungua likawa jeupe tupu. Lesi, shanga, mikunjo, vyote vimepotea. Ukipunguza mwanga wa simu yako, shanga hazirudi. Utaona weupe ule ule ukiwa na giza kidogo. Ndivyo ilivyo kwa wimbi lililokatwa kichwa: kitufe kinashusha kile kilichobaki, hakirudishi kilichoondolewa.

Na kilichoondolewa si kitu kidogo. Umbali kati ya sauti ya chini kabisa na ya juu kabisa ndani ya wimbo, tuuite upana wa sauti, ndio unaobeba hisia. Wazee walisema likilia la mgambo kuna jambo. Baragumu la mgambo liliwatoa watu majumbani kwa sababu kijiji kilikuwa kimya kabla yake. Lingelia kutwa, watu wangeendelea kutwanga. Muziki mzito unaitegemea siri hii kuliko muziki mwingine wowote, na hapa ndipo nawapinga wanaosema "metali ni kelele, walitarajia nini?" Msikilize "The Day That Never Comes". Unaanza na gitaa lililotulia, unajenga, unajenga, na nusu ya mwisho ni mbio. Wimbo wa namna hiyo umetungwa juu ya tofauti. Mtunzi alikusudia ile mbio ikushtue mwilini. Lakini kama mwanzo tulivu umeshainuliwa karibu na paa, mbio zikifika hazina pa kupanda. Unaelewa kwa akili kwamba sasa wimbo umechacha, mwili haushtuki.

Nisipite bila kugusa jambo moja linalochanganya wengi. Kubana sauti ninakozungumzia si kule kubana faili kunakofanya wimbo kuwa MP3 ndogo ya kutumiana kwa simu. Kubana faili hupunguza ukubwa wa data. Kubana sauti hupunguza tofauti kati ya chini na juu. Wimbo unaweza kuwa na faili kubwa lenye ubora wote na bado uwe umelimwa na limita, na MP3 ya kawaida inaweza kubeba upana wa sauti mzuri tu.

Mchezo wa video uliotoa ushahidi

Malalamiko ya mlio huwa magumu kuthibitisha. Mmoja anasema inakwaruza, mwingine anasema spika zako mbovu. Safari hii mashabiki walipata ushahidi kutoka mahali ambapo hakuna aliyepatarajia.

Siku albamu ilipotoka, nyimbo zake zote ziliwekwa pia kwenye Guitar Hero III, mchezo wa video ambao mchezaji anashika gitaa la plastiki na kubonyeza vitufe kufuata wimbo. Ukikosea, gitaa linanyamaza huku dramu na sauti zikiendelea. Ili hilo liwezekane, watengenezaji wa mchezo hawawezi kupewa wimbo uliokamilika. Wimbo uliokamilika ni pilau: huwezi kuutoa mdalasini ukaacha mchele. Lazima wapewe wali peke yake, nyama peke yake, kachumbari peke yake. Vipande hivyo vya Death Magnetic viliwafikia bila kupitia ile hatua ya mwisho ya kubana kila kitu kwa pamoja.

Watu wakauchezesha mchezo, wakarekodi sauti yake, wakailinganisha na CD. Wimbo ule ule, wapigaji wale wale, siku zile zile za studio, lakini kwenye mchezo dramu zilikuwa na mwili na magitaa yalipumua. Picha za mawimbi ya matoleo hayo mawili zikasambaa zikiwa zimewekwa pamoja: moja ina milima na mabonde, nyingine ni tofali. Kwa kipimo cha upana wa sauti ambacho wapenzi wa muziki hukitumia, CD ilipata kama 3, toleo la mchezo kama 12. Baadhi ya mashabiki wakaacha kabisa kusikiliza CD waliyoinunua, wakawa wanasikiliza albamu iliyonaswa kutoka kwenye mchezo wa kuigiza gitaa. Kwangu hakuna uhakiki wa gazeti uliowahi kusema kwa ukali kama kitendo hicho.

Lawama zilianza kutafuta mtu, na kwa kuwa watu wengi wamesikia neno "mastaringi" bila kujua mipaka yake, zilimwangukia Ted Jensen wa Sterling Sound, New York, fundi aliyeimasta. Tutenganishe kazi hizi. Kurekodi ni kunasa kila chombo. Kumiksi ni kuviweka pamoja na kuamua nani asikike mbele na nani nyuma. Kumasta ni hatua ya mwisho: kuipima albamu nzima, kuisafisha, kulinganisha wimbo na wimbo, kuiandaa kwa kiwanda. Jensen, akimjibu shabiki kwa barua pepe ambayo baadaye ilisambaa, alieleza kwamba miksi zilimfikia zikiwa zimeshabanwa hadi ukutani, na kwamba hajivunii kuhusishwa na kazi ile. Fundi wa kumasta ni kama dobi: anaweza kufua na kupiga pasi, hawezi kurudisha kitambaa kilichoungua kabla hakijamfikia.

Kwa sababu hiyo hiyo, imani kwamba santuri ingeponya kila kitu haina msingi mkubwa. Santuri ina raha zake, na baadhi ya albamu humastiwa upya kwa ajili yake zikatoka vizuri zaidi. Ila kama vichwa vimekatwa tangu kwenye miksi, kuichapa miksi hiyo kwenye santuri hakuvioteshi upya.

Kundi lenyewe halikuomba radhi. Lars Ulrich alisimama na kazi yao hadharani, akasema ameridhika na namna albamu inavyosikika, na kwamba ndivyo Rubin anavyofanya kazi. Ana haki hiyo. Albamu ni yao. Ila ukweli ni kwamba Californication ya Red Hot Chili Peppers, iliyotoka 1999 chini ya Rubin huyo huyo, nayo ilizua malalamiko ya namna hiyo hiyo.

Kwa nini mtu afanye hivi kwa makusudi?

Kwa sababu sikio linadanganyika kirahisi. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson wa maabara za Bell walionyesha kwamba sikio la binadamu halisikii besi, sauti za kati na sauti nyembamba kwa usawa, na kwamba ukosefu huo wa usawa hupungua sauti inapokuwa kubwa. Kwa maneno ya nyumbani: ukipiga wimbo mara mbili, ya pili ukiongeza kidogo tu, ya pili itaonekana ina besi nzito na inang'aa zaidi. Utaichagua hata kama hakuna kingine kilichobadilika. Mtu yeyote aliyewahi kukaa studio anayajua maneno haya: "Mbona wetu mdogo ukilinganisha na ule wa fulani?" Mtayarishaji anaongeza. Wa fulani naye akisikia, anaongeza. Hivyo ndivyo vita vilivyoanza.

Ni vya zamani. Kwenye mashine za jukeboksi za miaka ya 1950, mwenye baa ndiye aliyepanga sauti, kwa hiyo santuri iliyochongwa kwa nguvu zaidi ndiyo iliyosikika zaidi. Lakini santuri ilikuwa na breki yake ya asili: ukizidisha, sindano inaruka. CD ilipoingia sokoni mwaka 1982 breki ile iliondoka. Miaka ya tisini zikaja limita za kidijitali zenye uwezo wa kuliona pigo kabla halijafika na kuliinamisha kwa wakati, na tangu hapo kila mwaka sakafu ilipanda kidogo.

Watetezi wa mtindo huu hutoa sababu ya redio: wimbo mkubwa utasikika mkubwa hewani. Si kweli. Kituo cha redio kina mashine zake za kubana zinazosawazisha kila kinachopita. Wimbo uliokwisha kubanwa ukiingia humo unasagwa mara ya pili. Na ile sababu ya mauzo nayo haijasimama: Earl Vickers, aliyeichambua mada hii mwaka 2010 mbele ya wahandisi wa sauti, hakupata ushahidi wa maana kwamba albamu kubwa huuza zaidi.

Miezi miwili baadaye

Novemba 2008 Guns N' Roses walitoa Chinese Democracy, albamu iliyosubiriwa kwa muda mrefu mno. Fundi wa kumasta, Bob Ludwig, aliwapelekea matoleo kadhaa yenye viwango tofauti vya kubanwa. Wakachagua lile lenye upana wa sauti. Ludwig alifurahi, akasema wazi kwamba kelele za mashabiki na waandishi dhidi ya albamu zilizobanwa sana ndizo zilizomfungulia mtu njia ya kuchukua msimamo. Na kelele za karibuni kabisa zilikuwa zile za Death Magnetic.

Hapa ningependa kusema kwamba mlio mzuri ulizawadiwa. Haukuzawadiwa. Chinese Democracy ilianzia namba tatu Marekani, ikauza chini ya matarajio, na wahakiki waligawanyika. Albamu yenye mlio uliokwaruza ilishangiliwa, yenye mlio uliopumua ikapokewa kwa mashaka. Tungo na mlio, tena, kila kimoja na safari yake.

Hata hivyo malalamiko hayakuanguka chini. Kundi la Kanada, Rush, lilikuwa na jeraha kama hilo kwenye albamu yao ya 2002, Vapor Trails, na mwaka 2013 waliitoa tena ikiwa imechanganywa upya kutoka mwanzo. Fundi wa Uingereza, Ian Shepherd, aliyeiandika sana habari ya Death Magnetic, alianzisha mwaka 2010 siku ya kila mwaka ya kuhimiza upana wa sauti kwenye muziki. Metallica nao, albamu iliyofuata ya 2016 waliikabidhi kwa Greg Fidelman, mmoja wa walioimiksi Death Magnetic, na ilitoka na mlio safi zaidi. Hilo pia liwapunguzie kasi wanaotafuta wa kumsulubu: mkono ule ule, maamuzi tofauti.

Kilichobadilisha mchezo zaidi, lakini, ni namna tunavyosikiliza sasa. Spotify na YouTube hupima ukubwa wa wastani wa kila wimbo, na zile nyimbo zilizopita kiwango zinashushwa ili msikilizaji asirukwe na roho kutoka wimbo mmoja hadi mwingine. Aliyeinua sakafu hadi kwenye paa hapati tena faida aliyoitafuta: wimbo wake unashushwa mpaka ulingane na wa jirani, na wa jirani, ambao haukubanwa sana, bado una mapigo yanayochomoza juu yake.

Jaribu mwenyewe. Tafuta "The Day That Never Comes" kwenye programu yako, kisha wimbo wowote mtulivu wa kundi hilo hilo kutoka albamu ya 1991. Usiguse kitufe cha sauti. Vyote viwili vitafika kwa ukubwa unaokaribiana. Sikiliza ngoma ndogo ya dramu tu, usisikilize kingine. Kwenye ule wa 1991 utaisikia inapigwa, halafu utasikia chumba kinavyoitikia. Kwenye ule wa 2008 utaisikia inapigwa.